Macho Yaliyokaribiana

Nilipolifungua boksi lile nyumbani kwangu Mwisenge, mjini Musoma, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni taa za mbele. Fremu za plastiki zilikuwa zimelaliana, vipande vikining'inia pembeni kama maganda ya kunde kwenye mche. Nikapekua hadi nikaukuta uso wa gari: boneti, madigadi mawili, shoo ya mbele, na matundu mawili ya taa. Matundu yalikuwa kwenye madigadi, moja huku, jingine kule. Nikaketi. Gari la mjomba halikuwa na macho yaliyoachana namna ile.

Boksi ni la kampuni ya Revell ya Ujerumani, na gari ni Land Rover Series III, ile yenye chasi ndefu ya inchi 109. Binti yangu ndiye aliyeniletea, maana amejua tangu utoto wake kwamba baba yake hapiti pembeni ya Land Rover mbovu bila kuizunguka. Kipimo chake ni 1/24, yaani inchi 24 za gari la kweli zinakuwa inchi moja mezani. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma gari lenyewe lina sentimita 277. Hapa zimebaki sentimita 11 na nusu. Gari zima, ambalo barabarani lina karibu mita nne na nusu, linalingana na mkono wa mtu mzima kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati.

Wageni wangu wengi hudhani ni kigari cha mtoto. Cha mtoto huja kimekamilika, tayari kusukumwa. Hiki huja kama gari lililofunguliwa lote gereji: injini peke yake, giaboksi peke yake, difu, shafti, springi za majani, viti, usukani, hata waipa. Kazi ya mwenye boksi ni kulirudishia. Na akiwa mtu anayelijua gari lenyewe, kazi yake inazidi hapo, kwa sababu kiwandani walitengeneza Land Rover yoyote ile, naye anaitaka moja.

Land Rover yangu ya kwanza niliijenga Bunda mwaka 1977, nikiwa na miaka minane, kwa mabua ya mtama. Aliyekulia Mara au Usukumani anajua kazi hiyo. Unachagua bua lililokauka vizuri, unalimenya kwa meno au kwa kipande cha wembe, na bua lenyewe linakupa vyote viwili: moyo wake mweupe ni mwepesi, unakatika kama mkate, huo ndio bodi, maganda yake ni magumu na makali, hayo ndiyo misumari na nguzo. Unachoma ganda kwenye moyo, moyo mwingine juu yake, mpaka boneti, kabini na tela vinasimama. Magurudumu ni vipande vinene vya moyo wa bua, na ekseli ni ganda. Hakuna gundi. Jua la mchana mmoja likilikausha vibaya, gari linapinda na unaanza upya.

Taa nilizikata kutoka bua jembamba, duara mbili ndogo, nikazipachika kwa miiba ya mgunga katikati ya uso wa gari, zikiwa karibu karibu. Niliziweka hapo kwa sababu ndipo nilipoziona kila siku, kwenye Land Rover ya mjomba.

Mjomba alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha pamba. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi yake ikahamia kwenye mamlaka ya zao. Yeye na gari lake wakahamishwa pamoja, kama mume na mke. Lilikuwa pikapu la inchi 109, Series IIA, kijani iliyokolea, ringi zake nyeupe zilizofifia, na turubali nyuma. Siku za shule kufungwa alinichukua, akanipa kazi yenye cheo. Breki ya mkono ilikuwa haishiki. Kila tuliposimama mahali penye mwinuko, kabla injini haijanyamaza, nilitakiwa niwe nimekwisha kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mawe hayakuwa shida; nchi ile ni ya matale, majabali yamesimama kila upande kuanzia Balili, Bunda, hadi Mwitongo, Butiama. Shida ilikuwa kulipata linalotosha kwa haraka, si dogo likapondwa, si kubwa likakushinda kubeba.

Gari hilo lina historia yake kabla halijafika kwetu, nayo inaanza mchangani. Mwaka 1947, katika ufukwe wa Red Wharf Bay kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alichora mchangani umbo la gari la shamba alilotaka kulitengeneza. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa mgawo. Alumini ilipatikana. Kwa hiyo bodi ikawa ya aloi ya alumini, na kwa kuwa mashine za kukandamiza bati katika maumbo ya mviringo zilikuwa ghali, karibu kila ubao wa gari ukaachwa bapa. Rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilikuwa masalio ya rangi za ndege za kivita. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari mjini Amsterdam.

Nimelifikiria sana hilo la ubapa. Peugeot 404 ina mabega na nyonga. Kulitoa umbo lake kwenye bua au kwenye bati la kopo ni kazi ya bingwa. Land Rover ni vibao vilivyokutana kwenye kona. Uhaba wa Waingereza ulizaa gari ambalo mtoto wa Bunda, naye akiwa katika uhaba wake, angeweza kulijenga likafanana. Sidhani kuna gari jingine lililojengwa na watoto wengi kuliko hilo katika nchi hizi.

Huku Jimbo la Ziwa lilifika kama gari la serikali na la misheni, gari la watu waliokuwa na kazi mahali ambapo barabara ilikuwa imeishia. Kisha likawa gari la siasa. Julius Kambarage Nyerere, aliyekuja Musoma akiwa na miaka 12 kuanza darasa la kwanza Shule ya Mwisenge mwaka 1934, alikuja kutoka Butiama, mwendo wa kama kilomita 40. Miaka 21 baadaye, mwaka 1955, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa, aliacha kazi ya ualimu Pugu kwa sababu ualimu na uongozi wa TANU havikuweza kukaa pamoja, akarudi nyumbani. Kwa muda aliwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll. Alipotoka tena kuizunguka nchi, alizunguka na Land Rover kuukuu ya chama, na wazee wengi wa vijijini kote Tanganyika walimwona kwa mara ya kwanza akishuka kwenye gari la namna hiyo, limejaa vumbi. Baada ya Uhuru alirithi magari ya Ikulu, na Rolls-Royce iliyotumiwa na gavana, kisha na yeye, imehifadhiwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Nimekwenda kuitazama. Ni gari zuri, linang'aa. Lakini nilipokuwa nalizunguka pale nilijikuta natamani pembeni yake kungekuwa na ile nyingine, yenye vumbi.

Oktoba 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliacha magari yote akatembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa siku nane. Barabara hiyo inapita Bunda. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mjomba alikuwapo, na alichokikumbuka zaidi ni kwamba madereva waliendesha nyuma ya msafara kwa gia ya kwanza kutwa nzima na rejeta zikachemka.

Nirudi kwa watoto, kwa maana hapo ndipo historia hii ilipo, na hakuna aliyeiandika.

Mabua yalikuwa darasa la kwanza. Darasa la pili lilikuwa udongo wa mfinyanzi, uliochimbwa kando ya madimbwi, ambao ulimpa mtoto nafasi ya kutengeneza yale yasiyowezekana kwa bua: umbo la kiti, dereva mwenyewe, mizigo. Darasa la tatu lilikuwa waya, na hapo mtu alikuwa amekuwa fundi. Bunda kulikuwa na pamba, na palipo na marobota ya pamba pana waya. Kipande kilichookotwa kilinyooshwa kwa kugongwa juu ya jabali, kikakunjwa kuwa fremu ya gari zima, bila kiungo cha moto. Kila kona ilifungwa kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nne au tano. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala zilizokwisha soli. Usukani ulikuwa waya mrefu uliopanda kutoka ekseli ya mbele hadi kifuani kwa mwendeshaji, ukaishia kwa duara, naye alikimbia nyuma ya gari akiligeuza kama dereva wa kweli, mdomo ukitoa sauti ya gia. Wakubwa wetu walifika darasa la nne, la bati: makopo ya mafuta ya kula yaliyopasuliwa, yakanyooshwa, yakakatwa kwa kisu na jiwe. Malori ya bati yalikuwa na springi za kweli, yakinesa yakipita kwenye makorongo.

Tulikuwa na ukali wetu. Mtoto aliyeleta Land Rover yenye madirisha ya Scania aliambiwa mbele ya wote. Lori la ushirika lilikuwa na tairi sita. Ukitengeneza nne, umetengeneza lori jingine. Hakuna aliyekuwa na picha wala rula. Tulisimama kando ya barabara ya Mwanza tukalitazama gari likipita, kisha tukakimbia kabla halijatoka kichwani. Nilikuja kusoma, nikiwa mtu mzima, kwamba Shunsaku Tamiya wa Japani, alipotaka kutengeneza modeli ya Porsche katika miaka ya 1970, alinunua Porsche 911 ya kweli na kuifungua ili kila kipande kipimwe, na mafundi wa Porsche wakaitwa kumsaidia kuirudishia. Nilifurahi niliposoma. Njaa ni ileile, ya kutaka kujua kitu kimekaa vipi hadi mfupa wa mwisho.

Jumapili ilikuwa siku yetu kuu. Katika miaka ile ya shida ya mafuta serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Barabara kuu ya Musoma na Mwanza ilinyamaza. Tulishuka nayo, watoto kumi, kumi na watano, kila mmoja na gari lake la waya, msafara mrefu unaopiga honi kwa midomo, na kwa saa nne magari pekee yaliyokuwa yakitembea katika njia ile kubwa yalikuwa yetu.

Halafu hata waya ukaadimika. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na Sirari, lango letu la kaskazini, likawa ukuta hadi mwishoni mwa 1983. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera na nchi ikaingia vitani. Sabuni, sukari, viberiti, vyote vikawa vya foleni. Kopo tupu ambalo zamani lilitupwa sasa lilikuwa koroboi, au kipimo cha chumvi, au kikombe. Mama hakukupa ukalipasue. Ndala zilishonwa mpaka zikawa nyuzi tupu, ndipo zikafika mikononi mwa mtoto, na kufikia hapo hazikuwa na unene wa kutoa gurudumu. Mwaka 1981 nilirudi kwenye mabua, nikiwa na miaka 12, nikiwa na haya kidogo. Gari la mwaka huo ndilo bora kuliko yote niliyojenga utotoni. Mkono ulikuwa umekwisha kujifunza kwenye waya, na bua lilipokea.

Wakubwa nao walikuwa wakijaribu. Kibaha, chini ya jeshi, lilianzishwa Shirika la Nyumbu mwaka 1985 kwa ajili ya teknolojia ya magari, na lori lake likapewa jina la mnyama tunayemwona kila mwaka akivuka Grumeti, mashariki ya Bunda. Niliona picha yake gazetini nikiwa sekondari. Lilikuwa na uso bapa na kona kali, kama la bati, na niliona fahari iliyonipanda hadi kooni, kwa sababu lilionekana ni gari lililotengenezwa na mtu aliyewahi kupasua kopo.

Wakati sisi tukipita madarasa yetu, upande mwingine wa dunia kazi hii ilikuwa imeingia kiwandani. Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1949 iliombwa kutengeneza trekta dogo la Ferguson la plastiki kwa ajili ya mawakala wa mauzo wa kampuni hiyo. Trekta lilitengenezwa vipande vipande, likaunganishwa. Kuunganisha kulikuwa kazi ya gharama, na baadaye Airfix ikaona yafaa kuviuza vipande vyenyewe kwenye boksi, mnunuzi aunganishe mwenyewe. Ferguson ni jina la nyumbani kwetu. Baada ya kuungana na Massey-Harris ndilo lililokuja kulima mashamba ya pamba. Marekani, katika mji wa Troy jimboni Michigan, AMT ilianza mwaka 1948 kwa vigari vya wauza magari, na herufi hizo zinatokana na alumini, kwa kuwa kigari chao cha kwanza kilikuwa cha alumini. Miaka kumi baadaye wakaanza kuuza vipande vya kujenga. Tamiya, ya Shizuoka, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha mbao cha familia, na ikaingia kwenye plastiki mwaka 1960.

Na Afrika Mashariki yetu imo ndani ya maboksi yao. Hasegawa ya Japani imetoa kwa kipimo cha 1/24 Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1970, na Datsun 240Z iliyoshinda 1971, zote zikiwa zimeendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mashindano yale yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mtu wa Dar es Salaam, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mtu wa Osaka au Hamburg anakaa usiku na brashi yenye unywele mmoja akipaka vumbi la kwetu kwenye gari dogo, na analipaka vizuri. Nimeziona picha. Wekundu wa udongo huwa ni wa Kenya ya kati; wa Mara haujawahi kupakwa na mtu, kwa kadiri nijuavyo.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa wazi. Series III ilianza kutengenezwa mwaka 1971, na shoo yake ni ya plastiki. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 Land Rover zote zilikuwa na taa ndani ya shoo, karibu karibu. Kisha sheria za barabarani za baadhi ya nchi za nje ziliilazimisha kampuni kuzisogeza nje hadi kwenye madigadi. Gari la mjomba lilitoka kabla ya hapo. Boksi langu lilikuwa la gari lililozaliwa baadaye, na ilinibidi nilirudishe nyuma miaka kadhaa.

Nilianza kwa kuziba. Plastiki ya maboksi haya ni polistairini, na thina ya rangi za magari huiyeyusha. Nilikata fremu tupu vipande vidogo kama punje za mchele, nikaviweka kwenye chupa ya rangi ya kucha pamoja na thina, na baada ya usiku mmoja nikapata pati ya rangi na jamii ileile ya gari. Matundu ya kwenye madigadi nikayaziba kwa duara za plastiki, nikapiga pati, nikaacha siku nne, nikapiga msasa: namba 400, kisha 800, kisha 1000 kwa maji, mpaka kidole kikipita kisijue palikuwa na tundu. Mafundi wa bodi pale Nyasho hufanya hayohayo kwenye gari la kweli. Maneno ni yaleyale, na makosa ni yaleyale. Nilipiga msasa kabla pati haijakauka ndani, ikabonyea, nikarudia.

Shoo mpya ilikuwa ngumu zaidi. Taa ya gari la kweli ina kipenyo cha inchi 7, ambazo kwa 1/24 ni milimita 7.4. Kuchoma plastiki kwa msumari wa moto huacha mdomo uliovimba, kwa hiyo nilitoboa kitundu kidogo kwa ncha ya wembe, nikakikuza kwa msasa uliozungushiwa kijiti, robo milimita baada ya robo milimita, nikipima kwa taa yenyewe. Kati ya taa hizo Series IIA ina wavu wa chuma wenye umbo la T iliyopinduliwa. Nilijaribu chandarua, matundu yake ni makubwa, gari likaonekana kama limefunikwa uso kwa mkeka. Nikajaribu kichujio cha chai cha waya, kikakaa sawasawa. Mke wangu alikitafuta kichujio kile siku mbili kabla sijakiri. Nyuma ya vioo vya taa niliweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikavirudisha vioo mahali pake papya.

Gundi ya kazi hii inahitaji neno. Haishikishi vipande viwili kama gundi ya karatasi; inaiyeyusha midomo ya vipande hivyo ikachanganyika, na ikikauka vimekuwa kimoja. Tone likizidi, linakula umbo. Kwa hiyo unashika vipande viwili pamoja, unagusa kiungo kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Mara ya kwanza nilipoona ikikimbia hivyo nilikumbuka ganda la bua linavyoingia kwenye moyo wake, bila nguvu.

Ilibaki rangi. Kijani ya Land Rover ziko nyingi, na kumbukumbu ya miaka arobaini na kitu haipimiki kwa macho. Mjomba yuko Butiama, amepita miaka themanini. Nikaenda stendi ya Bweri, nikapanda mchomoko, watu saba ndani ya gari la watano, hadi Makutano, na kutoka hapo hadi Butiama.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mura. Umekuja na mvua?”

Nilimweleza shida yangu. Hakucheka wala hakushangaa. Aliinuka kwa fimbo, akanipeleka nyuma ya nyumba hadi kwenye banda la kuku. Mlango wa banda ulikuwa mlango wa Land Rover. Nusu ya chini, bila dirisha, maana milango ya gari lile nusu yake ya juu hufunguliwa kwa boliti ikaondolewa. Gari lilipouzwa kwa vipande yeye alinunua mlango mmoja. Miaka yote hiyo, mvua na kinyesi cha kuku, na bati lake la nje halina kutu hata kidogo. Ni alumini ile iliyochaguliwa kwa sababu ya mgawo wa chuma.

Niliufuta kwa kitambaa chenye maji. Juu palikuwa na rangi nyeupe ya nyumba, chini yake buluu, na chini kabisa, nilipokwangua kwa ukucha karibu na bawaba, kijani. Nilichukua ganda dogo la rangi, kama robo ya ukucha, nikalikunja ndani ya karatasi. Kisha nikapima mlango wote kwa futi ya fundi nguo: upana, urefu, nafasi kati ya ribiti na ribiti. Upande wa nje, chini ya kitasa, palikuwa na bonde la ukubwa wa sahani ya chai.

“Na hili?”

“Ng'ombe dume. Mnadani. Alinipiga teke nikiwa nimeegemea hapo, nikaruka, akaupata mlango.” Akalipapasa. “Mlango wa kushoto huu. Usije ukaliweka kulia.”

Muuza rangi za magari Musoma alilitazama lile ganda juani, akalitazama kivulini, akachanganya mara tatu. Ya tatu ilikuwa yenyewe. Nilipuliza koti nne nyembamba alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka na kuleta vijidudu. Bonde la mlangoni nililitengeneza kwa kuipasha plastiki kwa mvuke wa birika na kuikandamiza kwa mgongo wa kijiko kidogo. Turubali ni kaniki kuukuu iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa, ikakaukia juu ya matao ya waya. Mwisho kabisa vumbi: chini ya chasi na ndani ya madigadi nilipaka udongo mweusi wa mbuga za Bunda, ambao ukilowa unanata hauachii; juu ya boneti na mabegani, vumbi la kahawia hafifu nililolichota uwanjani kwa mjomba, nikalipitisha kwenye kitambaa mara mbili, likabaki laini kama unga wa muhogo. Kwenye kioo cha mbele nikaacha matao mawili safi, mahali waipa zilipopita.

Ilinichukua miezi saba. Nikapanda tena mchomoko, gari likiwa ndani ya boksi la viatu mapajani, nimelizungushia pamba.

Mjomba aliketi kwenye kigoda chini ya mwembe. Niliweka gari juu ya jabali bapa lililo mbele yake, lile wanaloanikia mtama. Alivaa miwani. Hakuligusa. Alilitazama uso kwa muda mrefu, taa zile mbili zilizokaribiana, kisha akainamisha kichwa ili aone upande wa kushoto, akaliona bonde.

“Umeliegesha vibaya,” akasema.

Nikatazama. Jabali lina mteremko kidogo, wa kuelekea nyuma ya gari.

“Geuza tairi za mbele.”

Zinageuka, niliziunga hivyo. Nikazigeuza kwa ncha ya kidole. Bado alikuwa akitazama. Halafu akajiinamia taratibu, mkono mmoja kwenye fimbo, akaokota chini kijiwe cha tale cha ukubwa wa punje ya mtama, akakiweka nyuma ya gurudumu.